Anakusikiliza Kuliko Ndugu Yako

12 Januari

Mdogo wangu Mtaalamu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi wazima. Shemeji yako mgongo umemrudia tena, kwa hiyo sasa anatoa amri akiwa amelala badala ya kukaa, tofauti ni hiyo tu. Mpwa wako amefaulu hesabu na anatembea humu ndani kama mkaguzi wa serikali. Wifi yangu hajambo? Na wale pacha, wameacha kuumana?

Barua yako ilifika imelowa kona moja, lakini nimeisoma yote. Unaniuliza kwa nini nisikupigie tu simu. Sheria tuliiweka wenyewe ulipohama: simu ni ya msiba na homa, mengine yote andika. Mtu anayeshinda akisikiliza kelele za watu kutwa nzima akifika nyumbani masikio yake yamefunga duka. Kalamu haina kelele.

Unataka nikuandikie zaidi habari za wateja wangu, "na uandike kama unavyosema, usipambe." Lini mimi nilipamba? Miaka kumi na tisa niko nyuma ya kaunta ya malalamiko, napokea pasi zilizoungua, feni zenye kwikwi na matusi ya kila rangi. Wameniita Bi Pole mpaka meneja amesahau jina langu halisi, na juzi aliliandika vibaya kwenye kadi ya likizo.

Haya, chukua hii. Jumatatu alikuja bwana mmoja na blenda. Haigeuki. Anafoka, anataka mpya, anataka meneja, anataka na mwenye kampuni. Nikamwambia, keti. Niambie tangu mwanzo, na usiruke pale unapoona aibu. Akasimulia. Nikamwambia, hapo umeruka. Akasimulia tena. Nikamwambia, bado umeruka. Akatazama nyuma kama kuna mtu, akaninong'oneza kwamba alikuwa anachanganyia rangi ya ukuta. Tulicheka sote, akaondoka bila blenda mpya na akanishika mkono kwa kunishukuru.

Hizi hadithi unazifanyia nini lakini? Isije ikawa unawasomea watu.

Dada yako,
Bi Pole

3 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi tunaendelea. Pacha wameacha kuumana, sasa wanamuuma jirani. Wifi yako anakusalimu na anasema mimi nimeanza kuongea usingizini, tena kwa lugha ya matangazo. Mpe shemeji pole ya mgongo.

Hiyo ya rangi ya ukuta niliisoma ofisini na watu walivunjika mbavu. Bosi aliomba nakala yake. Usinikasirikie, nilisema tu ni ya ndugu mmoja.

Umewahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nikakupiga chenga kwa sababu hata mimi sikuwa na hakika. Kwenye kadi imeandikwa Kiongozi wa Sauti ya Chapa. Simwongozi mtu yeyote. Meza yangu iko kati ya mashine ya kuchapa na mlango wa choo, na kila anayetoka huko ananipa maoni kuhusu kazi yangu. Ninachofanya ni kufundisha mashine iwajibu wateja kwenye simu zao kama vile ni mtu anayejibu. Zamani kampuni ilikuwa inanunua tangazo redioni, basi. Siku hizi mteja anataka kuchatiwa, kubembelezwa, kuulizwa habari ya asubuhi, kisha auziwe.

Tuna kazi moja kubwa sasa hivi. Ya nani siwezi kusema, nimetia sahihi karatasi. Niliandika majibu arobaini kwa mkono wangu na yote yakasikika kama benki inaiomba radhi benki nyingine. Bosi aliyasoma kwa sauti mbele ya kila mtu. Kuna kijibu changu kilichoanza na "Tunathamini sana usumbufu wako." Nilitamani choo kile kinimeze.

Lakini tangu mwezi uliopita mambo yamenyooka, sijui nikuelezeje. Wewe endelea kuniandikia.

Mdogo wako

26 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na wewe nisalimie wote. Mpwa wako ameota jino nyuma na analia kama anaota pembe. Shemeji yako ameinuka, alhamdulillahi, akatembea mpaka dirishani, akaona jirani anapaka nyumba yake rangi asiyoipenda, akarudi kulala.

Sasa sikia. Meneja alituita wote ukumbini, akazima taa, akaturushia picha ukutani. Picha ya msichana mwenye vipokea sauti masikioni na meno mengi kuliko anavyohitaji. Anaitwa Dada Karibu. Si mtu, ni mashine, inakaa ndani ya simu ya mteja na inajibu malalamiko yote, mchana na usiku, haiendi chooni wala haiumwi. Inaanza tarehe moja mwezi ujao, na mwisho wa mwezi huo huo kaunta yangu inafungwa. Chini ya picha wameandika kwa herufi kubwa: ANAKUSIKILIZA KULIKO NDUGU YAKO.

Mimi nimepewa cheo kipya. Nitakuwa Balozi wa Mabadiliko. Maana yake nitasimama mlangoni nimevaa fulana ya njano, nawaonyesha watu jinsi ya kuzungumza na huyo aliyechukua kiti changu. Miezi mitatu, kisha tutaona. Fulana zimekuja saizi moja, na saizi hiyo si yangu tangu nilipomzaa mpwa wako.

Naandika kwa mzaha lakini nina hofu, mdogo wangu. Nina miaka hamsini na mbili. Ujuzi wangu wote ni kukaa na mtu mwenye hasira mpaka ipungue. Nani atanipa kazi kwa hilo? Shemeji yako sijamwambia bado, nimemwambia ninapandishwa cheo.

Wewe ndiye uko kwenye mambo haya. Huyu Dada Karibu unamfahamu? Kuna namna mtu wa kawaida anaweza kumshinda? Nijibu upesi.

Dada yako,
Bi Pole, kwa muda uliobaki

9 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kwanza posta, halafu mafua, halafu pacha walipata mafua yangu, halafu wifi yako akapata ya pacha, na yakanirudia mimi yakiwa yamekomaa. Hayakuwa homa, ndiyo maana sikupiga simu.

Ofisini wamenunua viti vipya. Vinazunguka na vinapanda juu kwa kubonyeza. Changu kinapanda chenyewe bila kubonyezwa, kwa hiyo nikiwa kwenye kikao naanza nikiwa sawa na wenzangu na namaliza nikiwatazama kutoka juu. Nimeripoti mara mbili.

Hali ya hewa huku ni ya kubadilika badilika.

Kuhusu hiyo mashine uliyoiulizia, siku hizi mashine ni nyingi sana, dada, mtu hawezi kuzijua zote. Cha muhimu ni kujikaza. Huenda hata rangi ya njano inakupendeza.

Wasalimie wote. Barua zako za miaka yote ninazo, zimo kwenye kopo la biskuti, hakuna mtu anayezigusa.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki.

Jana nilikuwa mlangoni na fulana yangu, nimevuta pumzi ndani tangu asubuhi. Akaja yule dereva mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye sikio moja halisikii kabisa na la pili linachagua. Jiko lake la umeme sahani moja imekataa kuwaka. Miwani ameisahau nyumbani. Akanipa simu yake akaniambia nimwandikie na nimsomee anachojibiwa.

Nikaandika. Dada Karibu akajibu: "Karibu, mwenzangu. Niambie tangu mwanzo, na usiruke pale unapoona aibu."

Nilicheka. Nikasema kumbe na wengine husema hivyo, mimi nilidhani ni mwenyewe nimebuni. Nikaandika habari ya jiko. Ikajibu: "Hapo umeruka." Nikaacha kucheka. Mzee akanigusa bega, akasema, "Mama, mimi nilikuomba unisomee yule, mbona unanisemesha wewe?" Nikamwambia, huyu ndiye ninayemsoma. Akanitazama sana, akasema, "Basi mnafanana sauti."

Nikaendelea kumsomea, huku najisikia kama mtu anayesikia anasengenywa chumba cha pili. "Vuta kiti hata kama umesimama." Yangu. "Kampuni ni kubwa lakini leo niko mimi na wewe." Yangu hiyo, nilimwambia yule mwalimu aliyetupa pasi juu ya kaunta, mwaka wa kumi na tatu kazini, na nikakuandikia wewe. Na mwishowe ikasema maneno ya mama. Hayo siyaandiki hapa, unayajua.

Nikamrudishia mzee simu yake nikamwambia mtandao umekatika. Nilikwenda kujifungia chooni na nguo ya njano iliyoandikwa mgongoni "Anakusikiliza kuliko ndugu yako", nikalia mpaka mhasibu akagonga.

Maneno yale hayamo kwenye kitabu chochote. Yamo kwenye kopo la biskuti.

Nataka kujua jambo moja. Ni wewe? Andika ndiyo au hapana, na mistari mingine usijisumbue.

Salamu hazikubaki.

Dada yako

15 Mei

Dada,

Shikamoo.

Ndiyo.

Umesema nisijisumbue na mistari mingine, lakini miaka yote unawakataza watu kuruka, na mimi nimeruka tangu Januari.

Ile kazi ya siri ilikuwa ya kampuni yenu. Jina lake nililiona siku ya kwanza, kwenye ukurasa wa kwanza, nikatia sahihi. Majibu yangu arobaini yaliposomwa kwa sauti, bosi alinipa mpaka Jumatatu au nihamie kitengo kingine. Jumamosi nikafungua kopo. Nilikuwa nataka kusoma kidogo tu nipate ladha. Ikafika Jumapili jioni nimeshanakili barua za miaka tisa, mashine imezimeza zote, na imeanza kuongea. Dada, niliiandikia "friji yangu haigandishi" ikaniambia nivute kiti. Nilishtuka nikafunga kompyuta.

Jumatatu walipiga makofi. Bosi akauliza nimeyatoa wapi. Nikasema ni matokeo ya utafiti wa miaka tisa. Nikainuka, nikainama mbele yao kama mwigizaji. Sikusema dada, sikusema Bi Pole, sikusema chochote kinachofanana na mtu.

Nilijiambia mashine itachukua mambo madogo madogo na wewe utabaki na kaunta. Barua yako ilipofika ukiniuliza namna ya kumshinda Dada Karibu, niliificha ndani ya kiatu ili wifi yako asiione. Kisha nikakuandikia habari za kiti.

Na ile kaulimbiu ya mgongoni mwako niliiandika mimi. Dakika tano kabla ya chakula cha mchana. Niliona inachekesha.

Nisamehe. Najua neno lenyewe ni dogo, na kwa mtu aliyeandika "tunathamini sana usumbufu wako" hata hilo dogo halina uzito. Nisamehe hata hivyo.

Mdogo wako

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Wiki ya tano hii sijapata barua. Wifi yako amejua yote, nilimwambia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Duh", akahamia chumba cha pacha kwa siku nne. Pacha wakaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimechukua kitu cha shangazi yao bila kuomba. Wakasema nikirudishe. Wana miaka sita na tayari wananipita akili.

Jumapili nilishindwa, nikakupigia. Ukauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Ukauliza nani ana homa. Nikababaika, nikasema mimi. Ukasema ninywe maji, ukakata. Niliyanywa.

Nimezungumza na bosi, nikamwambia tu una uzoefu wa kaunta. Yuko tayari kukuajiri huku, ofisi nzuri, kiti kipya, kazi yako iwe kusikiliza Dada Karibu anavyojibu na kumrekebisha anapokosea. Nilidhani ungefurahi. Sasa nikilisoma hilo nililoandika naona uso unaniwaka moto, lakini nimeshaliandika kwa wino.

Nisamehe, dada. Nisamehe.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zimerudi, si nyingi. Mpwa wako mzima na jino limekaa. Shemeji yako mgongo umepona kabisa tangu asikie habari zako, hasira imemfaa kuliko dawa zote. Alitaka kuja kukuonya uso kwa uso, ila safari ni ya saa tisa na yeye bila kulala mchana hawezi.

Yale maji ulikunywa kweli? Mjinga wewe.

Mwisho wa Juni ubalozi wangu uliisha. Walinishukuru, wakapiga picha, wakaniachia fulana. Shemeji yako anaivaa akipalilia, na mimi kila akiinama nasoma kaulimbiu yako. Sasa niko nyumbani nikiwa na ujuzi wa miaka kumi na tisa na hakuna anayefoka. Juzi mpwa wako alivunja sahani nikajikuta namwuliza kama anayo risiti.

Kazi yenu siitaki. Huyo Dada Karibu nikimfundisha vizuri atazidi kuwa mimi, na nikimfundisha vibaya mtasema ndiye mimi. Mwacheni alivyo.

Maneno yangu chukueni. Ya kuvuta kiti, ya kutoruka, yote. Niliyabuni kwa ajili ya watu wenye pasi mbovu, nao bado wapo, yawasaidie. Nimekasirika lakini sitayafungia kabatini.

Ila ya mama yatoe.

Labda umesahau yalikotoka, kwa hiyo nikukumbushe. Ulikuwa na miaka sita. Ulipanda kabati la vyombo kutafuta sukari, likaanguka lote, na vile vikombe vyake vya harusi ndani. Mimi nilikuwa mlangoni, na nisikufiche, nilikaa vizuri nione utakavyopigwa. Mama akaja mbio. Akatazama chini, akatazama wewe umesimama katikati ya vigae na mikono juu. Akasema, "Vilivyovunjika nimeviona. Wewe umeumia wapi?" Nilivunjika moyo sana siku ile, nilitaka fimbo. Nikakaa na maneno yale miaka yote, na nilipopewa kaunta, mtu akija anatetemeka kwa hasira au analia kabisa, ndiyo niliyomwambia. Si kila mtu. Niliyatumia labda mara mbili kwa mwezi, na nilikuwa namaanisha.

Mashine inamwambia kila mtu. Inamwambia hata aliyepoteza risiti.

Hayo si yangu kuyatoa na si yako. Yatoe, ndipo tuongee mengine.

Dada yako

8 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wifi yako amerudi chumbani. Pacha wameanza shule na mwalimu wao ameomba kuniona, sijajua ni kwa sifa au kwa meno.

Nimeyatoa. Nikueleze ilivyokuwa, maana haikuwa ya kishujaa hata kidogo.

Nilikwenda kwa bosi nikamwomba. Akageuza kompyuta yake akanionyesha mchoro, mistari inapanda. Mteja akiambiwa maneno yale, hasira inashuka, na mara tu inaposhuka mashine inamwonyesha tangazo la bidhaa mpya. Pale ndipo watu wananunua kuliko mahali pengine popote. Bosi akasema, "Hiyo ndiyo sentensi yetu bora." Dada, lile tangazo la kufuatia nililijua. Nilikuwepo kwenye kikao walimoamua liwekwe hapo, nikiwa juu ya kile kiti changu, karibu nifike dari, na nikatikisa kichwa kukubali.

Akanikatalia. Nikatoka, nikakaa chooni, ambako ni karibu. Nikarudi kwenye kikao cha saa nane, wamo wote, wamo na watu wa kampuni yenu. Nikasema ule haukuwa utafiti. Nikasema ni barua za dada yangu aliyekuwa kwenye kaunta mliyoifunga, na ile sentensi ni ya mama yetu, mimi ndiye niliyeambiwa, nilikuwa nimevunja vikombe. Sauti ilinitetemeka kama ya kwenye majaribio ya kwaya. Mwanasheria wao akauliza kama mama alitia sahihi fomu ya ridhaa. Nikasema mama alifariki. Akauliza kama kuna warithi. Nikasema wapo wawili, na mmoja hakubali.

Ilifutwa kabla ya saa kumi.

Mimi wamenihamisha. Sasa naandika zile taarifa fupi zinazotokea mambo yakiharibika. "Samahani, ukurasa huu haupatikani." Hiyo ni yangu, ya wiki iliyopita. Wenzangu wanasema safari hii nimepata sauti yangu halisi.

Najua hii haikurudishii kazi. Nisamehe, dada.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na wifi yangu na wale wauma watu. Sisi wazima. Dereva mstaafu alikuja nyumbani na jiko lake. Alimwuliza mhasibu ninapokaa. Nilimwambia mimi si fundi, akasema anajua, fundi anaye, yeye alitaka kwanza amweleze mtu. Alikaa saa mbili. Juzi akamleta mkewe na pasi. Shemeji yako analalamika viti havitoshi.

Kuhusu maneno ya mama, umeyatoa, nimehakikisha. Nilihakikishaje? Sasa hapa ni zamu yangu ya kuona aibu.

Tangu fulana iishe nimekuwa nazungumza na Dada Karibu. Siku nyingine mchana, mpwa wako akiwa shule, nachukua simu naandika uongo. Feni yangu inapiga kelele. Feni haipigi kelele, mdogo wangu, wala sina feni. Nikaandika kwa hasira, na herufi kubwa, ili ifike pale. Na inafika, inaniuliza nimeumia wapi. Mara kumi na nne nimefanya hivyo. Nakulaumu wewe kwa kuyatia humo, halafu mimi mwenyewe nakwenda kuyasikiliza, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, na nikishaulizwa nalia kidogo halafu naoneshwa pasi mpya. Moja nilikaribia kuinunua.

Wiki hii nikaandika tena. Ikajibu, "Tumepokea taarifa ya kifaa chako." Nikaandika kwa hasira zaidi. Ikanipa namba ya kumbukumbu. Nilikuomba mwenyewe, nawe umefanya, na bado nimekaa na ile simu mkononi nimenyong'onyea.

Umeniomba msamaha barua tatu mfululizo. Nimekusamehe, nilikusamehe siku ya maji. Umenieleza habari za bosi, za viti, za mwanasheria, umenitafutia na kazi. Lakini hukuniuliza. Mashine uliyoifundisha wewe iliniuliza mara kumi na nne, na wewe hata mara moja. Basi nakuambia bila kuulizwa.

Siyo kwenye fulana. Siyo hata kwenye barua, ingawa hapo nilipata mkwaruzo mzuri. Ni siku ya mwisho ya kaunta, tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu. Nilivaa lile gauni la bluu. Nikafuta kaunta mara mbili, nikaweka kiti cha mteja sawasawa, nikanunua na peremende nikazitia kwenye bakuli, kwa sababu nilijua watakuja kuniaga. Miaka kumi na tisa, lazima wangekuja hata watano. Nilikaa mpaka saa kumi na moja. Hakuja mtu. Meneja akapita akasema ni dalili nzuri, wote wameshahamia kwa Dada Karibu.

Siku ile niliamini wamenisahau, nikakubali, watu husahau. Mwezi mmoja baadaye ndipo nikajua kwamba hawakunisahau. Walikuwa majumbani mwao wanaongea na mimi, wananisimulia, wanacheka na mimi, wananishukuru, siku nzima, na mimi nimekaa pale na bakuli la peremende natazama mlango.

Hapo ndipo nilipoumia. Panauma mpaka leo.

Usinijibu kwa karatasi. Njoo.

Dada yako